Ufito Katikati ya Kifusi

Msimu huu kiwandani kwetu wameajiri binti mpya wa kuandika idadi ya marobota. Ni mchapakazi, ila mdomo wake unatangulia macho. Juzi mchana alisimama mlangoni mwa banda la mbegu, mahali ambapo mbegu za pamba humwagika kutoka kwenye bomba na kujijenga lundo, akaniambia, "Dada, hii mashine imechoka. Asubuhi lundo lilikuwa linapanda unaliona kwa macho. Sasa hivi hata halisogei."

Nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili. "Usiseme imechoka wakati hujaangalia chini."

Akanitazama kana kwamba nimemkosea mama yake. Hakuwa na kosa. Alikuwa ametazama ncha ya lundo, kama nilivyokuwa nikitazama mimi zamani, na alisema alichokiona. Nilitoka nje nikakaa karibu na mizani, harufu nzito ya mbegu za pamba ikinifuata, na niliporudi macho yalikuwa mekundu. Nikasingizia vumbi.

Nilikuwa na miaka minane tulipohama Kishapu kwenda machimboni, upande wa Geita. Pamba ilikuwa imeungua kwa jua misimu miwili mfululizo, na ng'ombe wa kulimia walikuwa wamekwisha. Baba hakuwa mchimbaji, alikuwa mtu wa jembe na mifugo, mpole, mwenye kuzungumza kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alimwambia bibi kwamba tunakwenda mara moja tu: tukiufikia mwamba wenye dhahabu, tunarudi na jozi ya maksai. Bibi alinishika kichwa akasema atanitunzia michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo mimi nilivipenda kuliko nyama. Nililia njia nzima hadi kondakta akanihamishia kiti cha mbele.

Machimboni tulipanga chumba kimoja cha mabati. Makarasha yalisaga mawe kutwa, na vumbi lake jeupe lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya maandazi ambayo mama aliyakaanga mlangoni ili auze. Nakumbuka harufu ya dizeli na ya jiwe lililolowa. Nakumbuka pia kwamba nilikichukia kila kitu cha pale na sikuona sababu ya kuficha. Kila asubuhi nilimuuliza mama, "Tunarudi lini kwa bibi?" hadi akanikataza kuuliza.

Baba ndiye aliyenipa jibu. Duara lake, kama walivyoliita shimo la kuchimbia, lilikuwa mlimani, mwendo wa nusu saa kutoka kanisani. Walichimba wawili, yeye na rafiki yake wa tangu Kishapu, ambaye nilimwita baba mdogo Shija. Wiki ile ya kwanza baada ya mwaka mpya, kabla hawajapiga sururu hata moja, baba alikata ufito mrefu wa mkaratusi, umenyooka vizuri, akausimika hatua chache kutoka mahali pa kuchimba.

"Mayu," akaniambia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baba hakuniita jina jingine. "Udongo na mawe yote yatakayotoka chini tutayamwaga hapa, kwenye mguu wa ufito huu. Ukizama wote, tutakuwa tumefika kwenye mwamba. Siku hiyo hiyo tunafunga mizigo."

"Kweli, baba?"

"Pima mwenyewe, uwe unaangalia."

Nikaupima ufito kwa shibiri za mkono wangu kuanzia chini, na uliponizidi akanibeba mabegani hadi nikafika nchani. Shibiri ishirini na nne. Kila shibiri baba aliikata alama kwa kisu. Nilishuka nikiwa najiona mtu mkubwa, maana sasa nilikuwa na kazi yangu.

Yeye pia alikuwa na kipimo chake. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga na kokoto ishirini. Asubuhi alizipanga kokoto juu ya jiwe bapa. Kila kiroba cha kifusi kilipovutwa juu kwa kamba na kumwagwa, alichukua kokoto moja akaitia koponi. Jiwe likibaki tupu, kazi ya siku imekwisha. Viroba ishirini, siku sita za wiki. Jumapili hakuchimba. "Sipungui hata kimoja," alimwambia mama jioni ya kwanza, akilitikisa kopo ili tusikie zile kokoto, na mama akacheka. Nataka ieleweke kwamba mama alicheka. Walikuwa watu waliopendana.

Jumapili ya kwanza baba alinichukua baada ya ibada tukaenda kupima. Kifusi kilikuwa kimesimama kuuzunguka ufito, kimechongoka juu, na alama nane zilikuwa zimezama. Nane kwa wiki moja! Nilikuwa darasa la pili na hesabu za kugawanya ndizo zilizokuwa zimetoka kutuingia. Ishirini na nne gawa kwa nane, tatu. Wiki tatu. Mama mmoja wa Kishapu alikuwa anapanda basi kesho yake, nikamkimbilia stendi nikamwagiza amwambie bibi kwamba bado wiki mbili tu, asiwape watoto wengine michembe yangu. Jioni ile nilipanga madaftari yangu ya Kishapu ndani ya mfuko wa plastiki, tayari kwa safari.

Jumapili ya pili, alama kumi. Nikahesabu tena. Kumi.

"Mbona ni mbili tu, baba?"

Baba naye aliutazama ufito. "Labda kifusi kinajishindilia," akasema. Jumapili ya tatu, ile ambayo kwa hesabu yangu tulipaswa kuwa ndani ya basi, ilikuwa kumi na moja na nusu. Ya nne haikufika kumi na tatu. Nilikuwa napanda juu ya kifusi kwa magoti na viganja, nikizihesabu alama zilizobaki wazi, na kila wiki nilishuka na kitu kidogo zaidi cha kusema.

Nililiona jambo jingine pia, ila sikujua kwamba lina maana. Palikuwa na jiwe ambalo nilizoea kulikalia nikimsubiri baba. Mwanzoni lilikuwa mbali na kifusi. Wiki ya tatu kifusi kilikuwa kimelifikia, wiki ya tano kimelifunika, na baadaye kikakifikia kichaka ambacho baba mdogo Shija alitundikia shati lake, naye akalazimika kutafuta kichaka kingine. Nililionea huruma jiwe langu. Sikuliingiza kwenye hesabu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nitazame ufito, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu.

Mama alikuwa akinisubiri mlangoni kila Jumapili. "Wiki hii ngapi?" Mwanzoni aliuliza kwa hamu, kwa sababu naye aliichoka harufu ya dizeli. Baadaye aliuliza akiwa ameinamisha kichwa kwenye karai la mafuta. Nikisema, "Moja na nusu," au, "Moja na kidogo," aligeuza andazi jingine.

Maana kulikuwa na jambo la pili. Wiki za mwanzo baba alirudi jua likiwa bado juu ya mabati. Kisha akawa anarudi linapozama, na halafu giza likiwa limeshaingia. Kifusi kinapanda kidogo, mtu anachelewa zaidi. Wanawake wa ua ule walikuwa na maneno yao kuhusu waume wa machimboni na vyumba vilivyo nyuma ya vilabu vya pombe. Hawakuyasema kwa mama, waliyasema karibu na mama, na mimi niliyasikia nikiwa naosha vyombo. Sikuyaelewa yote. Nilielewa kwamba kuna mahali ambapo baba zetu hupotezea muda, na kwamba muda huo ndio uliokuwa unanizuia nisirudi kwa bibi.

Jumapili ya nane nilipima mara mbili. Alama kumi na sita. Tangu wiki iliyotangulia, shibiri moja haikutimia. Nilikuwa nimetia alama ya mkaa mahali kifusi kilipokuwa wiki ile, nikaifukua, nikalinganisha kwa vidole nikaona ni kama theluthi mbili tu. Baba alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, akiutazama ufito kwa uso ambao sikuujua. Leo naujua. Alikuwa anajishuku mwenyewe. Alijua alichokifanya, kokoto zilimwambia, na bado jicho lake lilimwonyesha kwamba hafanyi kitu.

Kesho yake alirudi taa za majirani zimeshawashwa. Mama hakumpa maji ya kuoga. Alimzuia mlangoni, baba akiwa na kopo mkononi na vumbi hadi kwenye kope.

"Unatoka wapi?"

"Kazini, mke wangu."

"Kazi gani hiyo? Wiki ya kwanza ulikuwa unarudi mapema, na kifusi kinapanda. Sasa unarudi saa hizi, na hakipandi. Niambie mwenyewe, mimi nielewe nini?"

"Viroba ni ishirini vile vile. Muulize Shija."

"Shija ni rafiki yako."

Baba akamnyooshea kopo. "Hesabu."

"Kokoto hata mtoto anaweza kuzijaza humo," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Sema wewe uliyepima. Wiki hii kimepanda kiasi gani?"

Nilikuwa nimekaa kitandani na mfuko wangu wa madaftari, ule niliokuwa nimeupanga tangu Januari na ambao kwa ukaidi sikuwa nimeufungua. Nikasema ukweli. "Haikufika hata shibiri moja."

Ningeishia hapo. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini nilikuwa na hasira ya wiki nyingi, na nikaongeza, "Baba siku hizi hafanyi kazi. Ndiyo maana haturudi."

Baba alinigeukia. Hakufoka.

"Umepima vizuri, mayu?"

"Nimepima mara mbili."

"Haya," akasema. Akaliweka kopo chini, taratibu, akatoka kwenda kujitafutia maji.

Mwezi Machi mama alinichukua tukarudi Kishapu, kwao, sio kwa bibi mzaa baba. Bibi alitembea hadi kule kuniletea michembe. Nilikula nikaona ina ladha ya mavumbi, na nikamwambia ni mitamu. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, isipokuwa baba hakuwemo. Siku za mwanzo nilikuwa nikisubiri kwamba atakuja. Mama alisema hatakuja, kwamba ana mtu wake huko, na neno hilo likakaa nyumbani kwetu miaka yote. Nililiamini. Nilikuwa na ushahidi, niliupima mwenyewe kwa shibiri zangu.

Nilikuwa kidato cha tatu baba mdogo Shija alipokuja. Alikuwa amekonda, na alimsalimia mama kwa kuinama kuliko kawaida. Baba alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa kifua, kwenye machimbo mengine mbele ya Ushetu, na wenzake walikuwa wamemzika huko huko. Shija alikuwa amekuja na kitu kimoja tu cha kutukabidhi. Kopo la maziwa ya unga, limepauka, na kokoto ishirini ndani.

Nilimuuliza kuhusu mwamba. Akatikisa kichwa. "Hatukuuona. Mwaka ule tuliliacha lile duara tupu."

"Na ufito?"

"Ufito ulizama," akasema. "Ulizama wote. Ilikuwa watu wanamalizia kuvuna pamba."

Mama aliinuka akaingia ndani, nikadhani ni kilio cha msiba kimemshika.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kidato cha tano, bweni la wasichana, Shinyanga mjini. Tulikuwa tumefikia zile hesabu za kasi ya mabadiliko, ambazo sisi tuliziita dii-wai-dii-eksi na kuziogopa kwa umoja. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Aliandika ubaoni: mchanga unamwagika kwa kasi isiyobadilika na kujenga lundo lenye umbo la pia. Kimo chake kinaongezeka kwa kasi gani?

"Msikimbilie," akasema. "Mchanga ni ule ule kila dakika. Lakini lundo halikui juu tu, linakua na pembeni. Ujazo unakwenda na kimo mara kimo mara kimo. Kwa hiyo jinsi lundo linavyokuwa kubwa, mchanga ule ule unapandisha kimo kidogo zaidi na zaidi."

Wenzangu waliandika. Mimi nililiona jiwe langu. Niliona kifusi kikilifikia na kulifunika, na shati la baba mdogo Shija likihamishwa kichaka hadi kichaka. Huko ndiko viroba vilikokuwa vinakwenda.

Nilifungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Nikaandika: wiki ya kwanza kimo ni nane. Nikaifanya kazi ya wiki moja, yaani nane mara nane mara nane, isibadilike kamwe, viroba ishirini kila siku, siku sita. Nikatafuta badiliko la ujazo kwa kimo, nikagawanya, kisha nikaweka kumi na sita mahali pa kimo, ile alama ya Jumapili ya nane. Mia tano na kumi na mbili juu, mia saba sitini na nane chini. Nikarahisisha.

Theluthi mbili ya shibiri kwa wiki.

Hicho ndicho nilichokipima kwa vidole vyangu. Sikuwa nimekosea kupima. Nilipima vizuri sana, na kipimo changu kilikuwa kinasema kwamba baba hajapungua hata kiroba kimoja, ila nilikisoma kinyume na kwenda kukitamka mbele ya mama yangu. Nililia darasani waziwazi. Mwalimu alifikiri hesabu imenishinda, akaja kunishika bega, akaona jibu ni sahihi, akanirudishia daftari.

Likizo ilipofika nilimkuta mama uani, amekaa kwenye turubai anapepeta mtama. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote yalikuwa yamekimbia. Nikachukua kikombe cha bati.

"Mama, tazama." Nilisimamisha njiti ya ufagio katikati ya turubai, nikamwaga kikombe kimoja cha mtama kwenye mguu wake. Likatokea lundo dogo, nikaitia njiti alama kwa ukucha mahali lilipofika. "Unafikiri vikombe vingapi vitalifanya liwe refu mara mbili ya hapa?"

"Viwili," akasema, akinishangaa.

Nikamwaga cha pili. Lundo likapanda kidogo tu. Cha tatu. Cha nne. Mtama uliteleza pembeni, ukatanuka, ukafika kwenye vidole vyake vya mguu. Cha tano. Mama alikuwa ameacha kupepeta. Tulipofika cha nane, ndipo lundo lilipofika mara mbili ya ile alama.

"Kikombe ni kile kile," nikasema. "Nilijaza sawa kila mara, umeniona."

Alikuwa ameona. Mama hakupita darasa la saba, lakini si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alikaa akilitazama lundo.

"Rudia," akasema.

Nikakusanya mtama nikarudia. Safari hii alinipokonya kikombe, akamwaga mwenyewe, akisawazisha kila kimoja kwa kiganja. Vikombe vinane.

"Na kuchelewa kule?" akauliza, sauti imeshuka.

"Shimo lilikuwa linazidi kwenda chini, mama. Kila kiroba kinavutwa kutoka mbali zaidi. Alikuwa hatoki mpaka ishirini zitimie."

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza ufito wote ungezama lini, kwa viroba vile vile, bila kupungua. Nilikuwa nimeshaipiga hesabu hiyo. Wiki ishirini na saba. Alihesabu kwa vidole, Januari, Februari, akifika Machi akasita, akaendelea hadi akafika mwanzoni mwa Julai. Watu wanamalizia kuvuna pamba. Miezi ile yote baada ya sisi kuondoka, wakati hapakuwa na mtu wa kumpimia wala wa kumuuliza, baba alikuwa anapanga kokoto ishirini asubuhi na kuzimaliza jioni.

"Ni mimi niliyesema hafanyi kazi," nikamwambia. "Mama, ni mimi."

"Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa mtu mzima."

Alikuwa anazitoa punje za mtama kwenye vidole vya miguu, moja moja. Hakunitazama alipoendelea.

"Alikuja," akasema. "Julai ile. Wewe ulikuwa shuleni. Alisimama pale kwenye ua wa minyaa, hakuingia. Alikuwa ameshika hilo kopo. Akaniambia, ufito umezama, nimekuja kuwachukua turudi kwa mama yangu."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia mtoto ameshapima."